Hamsini na Nne

Kwenye baa yangu mteja anaruhusiwa kumtukana refa, waziri mkuu, askofu na mvua. Neno moja tu sikutaka kulisikia, na kijiji kizima cha Oostmolen kililijua: epo, ile dawa ya kuongeza damu ambayo waendesha baiskeli wamekatazwa. Miaka minane ilikuwa imepita tangu mkwe wangu Rudi Callewaert, mwendesha baiskeli, akutwe nayo kwenye damu, wiki ile ile ya mashindano makubwa ya baiskeli. Tangu hapo, aliyelitamka neno hilo mbele yangu alinyang'anywa glasi kabla hajaimaliza, na hela yake sikumrudishia.

Msidhani nilikuwa namtetea. Nilikuwa na hasira kuliko wote. Baa yangu ndiyo iliyokuwa makao ya klabu ya mashabiki wake. Tulikodi basi, tukashona bendera, tukasimama kwenye tope kando ya barabara za mawe saa nzima ili tumwone anapita mara moja kama upepo. Alipokamatwa, zile bendera nilizikata nikazifanya matambara ya kufutia meza. Halafu binti yangu Annelies, niliyedhani ana akili, akamfuata Rudi wakaoana. Rudi akapata kazi ya kuezeka mapaa, na Jumamosi alikuja kunipandishia makreti ya bia kutoka ghala la chini. Jambo lile hatukuligusa. Yeye hakueleza, mimi sikuuliza. Tuliongea habari za mvua, na huku kwetu mvua haiishi.

Nele, binti yao, alizaliwa asubuhi, mwezi wa Machi, kitovu kimemzunguka shingoni. Hakulia.

Nilifika hospitali ya mjini nikiwa bado na aproni. Nyumbani nilikuwa nimeacha vifuko vya lozi za sukari, zile tunazowagawia watu mtoto akizaliwa, vimefungwa utepe na kupangwa kwenye kaunta. Njiani nilikuwa nikijiuliza kama utepe wa kijani unapendeza. Kisha nikamwona Rudi amekaa kwenye korido, mikono imelala mapajani, na habari ya utepe ikanitoka kichwani.

"Annelies?" nikauliza.

"Wamempasua. Yuko salama, anaamka."

"Na mtoto?"

Alinionyesha mlango kwa kidevu.

Daktari aliyetoka alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, jina lake Vercruysse. Hakutuzungusha, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alituambia ubongo wa mtoto ulikosa hewa kabla hajatolewa, na hakuna ajuaye ni kwa muda gani hasa. Wangempoza mwili mzima kwa siku tatu, kwa sababu ubaridi huupumzisha ubongo uliojeruhiwa, kisha wangempasha joto polepole.

"Atapona?" nikauliza.

"Sijui, bibi. Anaweza kupona kabisa. Anaweza akaishi asitembee, asiseme. Na tunaweza kumpoteza. Ningekudanganya kama ningekupa jibu moja."

Nilitafuta kiti nikakaa.

"Kuna jambo la pili," akasema, akimgeukia Rudi. "Tunafanya utafiti. Baridi peke yake haiwatoshi watoto wote. Kuna homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza hewa ikipungua, ili damu iongezeke. Imeonekana kwamba ubongo nao huitengeneza kidogo, kujikinga, chembe zake zisife. Tunataka kujua kama tukiongeza kwa sindano, tutauokoa ubongo zaidi. Nusu ya watoto wanapata dawa, nusu wanapata maji ya chumvi, na hata mimi sijui nani kapata nini. Hamlazimiki. Lakini mkikubali, sindano ya kwanza lazima iwe leo. Dawa inaitwa erithropoietini."

Rudi alisimama.

"Epo," alisema.

Miaka minane, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nalisikia neno lile likitoka kinywani mwake.

"Ndiyo," daktari akasema, amefurahi kwamba ameeleweka. "Unaifahamu?"

Alimtazama usoni na hakumtambua. Sijui mwanamke yule alilelewa wapi. Mkoa wetu mzima wa Flandria ulimjua Rudi Callewaert, hata watawa.

"Hapana," Rudi akasema. "Hiyo haiingii kwa mwanangu. Mpozeni, fanyeni mengine yote. Hiyo, hapana."

Akaondoka na kutuacha pale. Nilimfuata hadi kwenye mashine ya kahawa mwisho wa korido. Nilikuwa nimechemka, na mimi nikichemka sichagui mahali.

"Wewe mwanamume wewe! Daktari anakupa nafasi, unampa mgongo? Unaogopa nini, magazeti? Unaogopa wataandika baba alidungwa na mtoto naye kadungwa?"

"Mama, tafadhali."

"Usiniambie tafadhali! Yule mle ndani hana habari na aibu yako. Anachotaka ni kichwa chake kifanye kazi!"

"Mama, unamkumbuka Wim?"

Nani asingemkumbuka Wim. Alikuwa kwenye timu moja na Rudi, kijana mrefu mcheshi, akija kwangu alikula sahani tatu za viazi vya kukaanga na nyama ya kupikwa kwa bia, na bado akauliza kama kuna jibini. Alikufa usingizini kambini Hispania, muda mfupi kabla Rudi hajakamatwa, akiwa na miaka ishirini na tatu. Moyo, ndivyo tulivyoambiwa. Kwenye mazishi yake nilibeba shada la klabu.

"Haukuwa moyo?" nikauliza.

"Moyo ulisimama, ndiyo. Damu ilikuwa nzito, haupitishi tena. Tulijua inaweza kutokea. Tulilala tumefungwa kifaa kifuani, mapigo yakishuka sana kinapiga kelele. Unaamka, unashuka sakafuni, unapiga pushapu mpaka damu itembee, unarudi kulala. Kila usiku, Mama. Tulikuwa tunachekana." Alifinya kikombe cha karatasi mpaka kahawa ikammwagikia vidoleni, hata hakushtuka. "Chumba tulikuwa wawili, mimi na Wim. Kifaa chake kililia. Wenzetu walipoingia asubuhi walikikuta bado kinalia. Mimi nilikuwa nimechoka na mazoezi, sikusikia. Nilipomgusa alikuwa baridi."

Nilimnyang'anya kile kikombe nikakitupa pipani.

"Na sasa hivi nimetoka kumshika mtoto," akasema. "Mguu wake ni baridi vile vile."

Miaka minane nilidhani mkwe wangu anaona haya. Kumbe alikuwa anaomboleza, tena kimya kimya, huku ananibebea makreti. Nilimchukua mkono nikaufuta kahawa kwa aproni yangu, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mchana walimsukuma Annelies kwenye kiti cha magurudumu, uso umempauka. Daktari alimweleza yale yale. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwangalia mumewe.

"Mimi sina ninachokijua hapa," akasema. "Rudi anaijua dawa hiyo kuliko sisi sote. Akikubali, nimekubali. Akikataa, nimekataa. Wala sitamlaumu. Umesikia, Rudi? Sitakulaumu."

"Afadhali ungenilaumu," Rudi akasema.

"Najua. Ndiyo maana."

Tuliingia wote kumwona mtoto. Jamani. Nele alilala juu ya godoro la maji baridi, uchi, nyaya ndogo zimebandikwa kichwani, mpira wa hewa puani. Ukubwa wake ulikuwa wa kawaida kabisa, mtoto mnene mzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakusogea. Nilimgusa kidole cha mguu na baridi yake ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Nilielewa kwa nini Rudi hakuweza kukaa mle ndani.

Muuguzi mmoja, binti mwenye miwani aliyeitwa Gitta, alikuwa anasoma majibu ya damu kwenye kompyuta. Akamgeukia daktari akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya kitunguu: "Hematokriti, hamsini na nne."

Sasa, ngoja niwaambie. Huku kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua hamsini. Ukichukua damu ya mwendesha baiskeli, sehemu ya chembe nyekundu isizidi hamsini kwa mia. Ikifika hamsini na moja, baiskeli inaegeshwa, mtu anarudishwa nyumbani, na sote tunajua amefanya nini. Kwenye baa yangu watu wamepigana ngumi kwa sababu ya arobaini na tisa na nusu.

Rudi alimrukia daktari nusura ashike koti lake. "Mmeshampa!"

"Samahani?"

"Hamsini na nne! Mmemdunga bila ruhusa! Mnatuuliza huku mmeshamdunga!"

Na mimi je? Mimi niliyekuja kumgombeza? Nilisimama ubavuni mwake nikapiga kelele kumshinda. "Wezi nyie! Hamsini na nne, mnadhani sisi ni washamba? Mnadhani hatujui kuhesabu? Nitaita polisi, nitaita magazeti, nitaita klabu nzima ije na basi!" Annelies alikuwa ananivuta aproni. Mashine zililia. Mama wa mtoto mwingine alifungua mlango, akatuona, akaufunga.

Daktari Vercruysse alitutazama kama watu waliopandwa na mashetani. "Hamsini nini? Kuna nini na hamsini?"

Gitta ndiye aliyeelewa. Alivua miwani, akajifunika mdomo, mabega yakaanza kutikisika. "Daktari," akasema, "hawa ni watu wa baiskeli."

"Na wewe unacheka nini?" nikamfokea.

"Nisamehe, bibi. Baba yangu naye yuko hivyo hivyo. Njoo. Njoo, baba Nele, usiogope." Akamshika Rudi kiwiko, akampeleka kwenye kitanda cha jirani. Mle alilala mvulana mdogo, naye amepozwa. "Huyu, wazazi wake walikataa utafiti. Hajapata sindano ya aina hiyo. Siruhusiwi kukwambia namba yake, lakini nakwambia hivi: watoto wote humu ndani, waliopata na wasiopata, hakuna hata mmoja angeruhusiwa kupanda baiskeli."

Daktari alikuwa ameanza kuelewa. Alivuta kiti akakaa mbele ya Rudi, magoti yao karibu yagusane.

"Tumboni hewa ni chache," akasema. "Mtoto anaishi mle kama mtu wa mlima mrefu. Kwa hiyo mwili wake unatengeneza damu nyingi, na unaitengeneza kwa homoni hii hii. Kila mtoto anazaliwa hivyo. Wewe ulizaliwa hivyo. Baadaye inashuka yenyewe."

Rudi akasema: "Yaani alikuwa nayo tayari. Yake mwenyewe."

"Yake mwenyewe. Na asubuhi ya leo, kitovu kilipombana, nadhani mwili wake uliimimina kadiri ulivyoweza. Alikuwa anajipigania. Sisi tunataka kumwongezea nguvu tu. Hatuna hakika kama inasaidia, nisikufiche."

Rudi aligeuka akamtazama binti yake. Sijui mtu hujisikiaje, kukiona kitu ni sumu kwa miaka minane, kisha kukikuta kwa mwanawe, kimekuja naye, kinamlinda. Alianza kucheka. Kicheko kibaya, cha kukwaruza, kisha kikageuka kilio, na Annelies akasogeza kiti chake akamwegemezea kichwa mgongoni. Nami nililia. Nililia kwa sauti na sikuona haya hata kidogo.

Alipomaliza, akajifuta kwa mkono wa shati akauliza swali, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Damu ikizidi kuwa nzito?"

"Tunaipima kila siku. Ikipita kiwango, tunaacha."

"Nani anapima?"

"Gitta anachukua damu, maabara wanapima, mimi naangalia. Na kuna kamati ya nje inayotuangalia sisi."

"Na anayedunga siyo anayepima?"

"Hapana."

"Kwetu alikuwa mtu mmoja," Rudi akasema. "Chumbani, mapazia yamefungwa." Daktari hakuuliza kwetu ni wapi. Huenda alikuwa ameshajua. "Na usiku? Kama kitu kikilia usiku, kuna mtu aliye macho?"

"Siku zote," Gitta akajibu. "Hatulali humu ndani. Hata kiti cha kulalia hakuna, tumeomba hatujapewa."

Rudi akatabasamu kidogo, akaomba kalamu atie sahihi.

Zile siku tatu sitazisimulia sana. Nilifungua baa kwa sababu kukaa bure kungeniua. Wateja walikunywa taratibu wakiongea chini chini, hata Omer, mzee mfuga njiwa, ambaye tangu mkewe afe hajawahi kunyamaza. Lozi za sukari nilizitia kabatini. Mtu haruhusiwi kugawa lozi za mtoto ambaye hatujui kama atafungua macho, hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nikalifunga kabati kwa ufunguo. Rudi hakurudi nyumbani. Alikaa kando ya lile godoro baridi, na kila mashine ilipolia alikuwa amesimama kabla Gitta hajafika.

Walipompasha joto, Nele alikuwa wa rangi ya waridi ilipofika jioni. Hakufungua macho. Siku iliyofuata Rudi aliosha mikono, akampa kidole mdomoni kama Gitta alivyomwonyesha, nao mdomo ukakaa tu. Akangoja. Akaanza kumsimulia habari za mvua. Halafu aliniita, nami nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Mama. Ananyonya."

"Nini?"

"Kidole. Anakivuta. Njoo uone, Mama, ananivuta kweli kweli!"

Nilirudi Oostmolen kwa basi la saa kumi, nikafungua kabati, nikagawa lozi mpaka kwa posta na kwa wale wa baa ya jirani nisiosemezana nao.

Hakuna aliyetuambia kama ilikuwa dawa au maji ya chumvi. Utafiti ulikuwa unaendelea, na mpaka uishe hata Daktari Vercruysse asingejua. Annelies aliuliza mara mbili, kisha akaacha. Tulikuwa na mengine ya kuangalia. Tuliangalia kama anageuza shingo. Tuliangalia kama anakaa. Alichelewa kukaa, na mkono wake wa kushoto hadi leo ni mvivu kidogo, kijiko anakipeleka kulia bila kuulizwa. Kila alipofanya jambo jipya nilitamani kupiga kengele ya kanisa. Alisema "bia" kabla ya kusema "mama", na hilo kosa ni langu, nalipokea.

Kiangazi cha mwaka wa tatu, siku ya sherehe ya kijiji, watoto walishindana uani kwangu kwa zile baiskeli ndogo zisizo na pedali, za kusukuma kwa miguu. Rudi alikuwa amepanga viti viwe mzunguko. Nele alianza wa mwisho. Alikuwa ameinamisha kichwa, kiwiko cha kulia nje, kile cha kushoto kimelegea, ulimi umetoka, na miguu ile ambayo tuliambiwa huenda isimbebe ilikuwa inachapa ardhi kwa fujo. Akampita mmoja. Akampita wa pili. Kwenye kona ya mapipa akampita mjukuu wa Omer, mvulana mkubwa wa miaka mitano.

Omer alikuwa kwenye glasi ya nne. Akapiga meza akapayuka: "Ebo! Huyo mtoto kapewa epo!"

Mtu mmoja akaweka uma chini. Omer akajishika mdomo, macho yakamtoka, akanitazama mimi na kuikumbatia glasi yake kifuani. Nami nilikuwa tayari nimenyoosha mkono kuichukua.

Rudi alikuwa amechuchumaa kwenye mstari wa mwisho, mikono wazi. Hakugeuka upesi. Alimdaka kwanza binti yake, akamwinua na baiskeli yake yote, akampangusa vumbi magotini. Kisha akamtazama Omer.

"Huenda," akasema. "Daktari mwenyewe hajui. Lakini yake, mzee, ilikuwa na sahihi ya baba."

Annelies ndiye aliyeanza kucheka, kisha Omer, kwa woga, kisha uani mzima. Rudi naye alicheka, mdomo wazi, meno yote nje. Mara ya mwisho kumwona hivyo alikuwa amekaa meza moja na Wim, wanagombania jibini.

Mimi sitoi bia ya bure, kila mtu kijijini anajua. Siku ile niliichukua glasi ya Omer mikononi mwake, nikaijaza mpaka juu, nikamrudishia. Nele alikuwa anampiga baba yake begani kwa mkono wa kulia, anataka ashushwe.

"Tena!" anasema. "Tena!"